Kuamka na Kukesha: Uangalizi wa Kiroho katika Uamsho wa Afrika Mashariki, 1929–1994

1.0 Utangulizi

Kiswahili kinatenganisha waziwazi vitendo viwili ambavyo katika mahubiri aghalabu huchanganywa, yaani kuamka na kukesha. Kuamka ni tukio, nalo huwa na saa yake, na mara nyingi huwa na mtu aliyemwamsha mwenzake. Kukesha ni kazi isiyo na tarehe. Anayekesha hukaa macho wakati ambapo mwili na mazingira vinamvuta alale, wala hana hakika kama usiku huo litatokea jambo lolote la kukeshewa. Vuguvugu la Kikristo lililoenea kutoka Rwanda na Uganda hadi Kenya, Tanganyika na Burundi kuanzia miaka ya 1930 lilipewa kwa Kiswahili jina la Uamsho, na wafuasi wake wakaitwa walokole, neno lililotokana na Kiganda balokole, yaani waliookoka. Jina la Uamsho linataja tukio la kuamka. Historia ya vuguvugu lenyewe, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ni historia ya kukesha.

Makala haya yanachunguza namna ndugu wa Uamsho walivyojaribu kulinda hali ya kuwa macho kiroho wakiwa jumuiya, na si kila mmoja peke yake. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya Uamsho haikutokana hasa na msisimko wa mikutano mikubwa, bali na utaratibu wa ushirika wa kila wiki uliomfanya kila mshiriki awe mlinzi wa mwenzake. Utaratibu huohuo ulikuwa na udhaifu wake. Jicho lililozoezwa kuona dhambi ya mtu mmoja mmoja halikuona sikuzote dhambi iliyovaa sura ya sheria, kabila au dola. Hoja hii inapimwa kwa matukio ya Gahini na Namirembe, mgogoro wa Mukono wa mwaka 1941, kiapo cha Mau Mau nchini Kenya, mfarakano wa Bazukufu nchini Uganda, na historia ya Rwanda hadi mwaka 1994.

2.0 Usuli: Kanisa Lililofanikiwa na Kusinzia

Wito wa kukesha una mizizi katika maandiko ya mwanzo ya Kikristo. Katika Injili ya Marko, sura ya 13, watumishi wanaachiwa nyumba na bwana wao bila kujua saa ya kurudi kwake, na bawabu anaagizwa akeshe. Wanawali kumi wa Mathayo 25 wote wanasinzia, na tofauti inayowatenga ni akiba ya mafuta. Katika Ufunuo, kanisa la Sardi linaonywa kwa kuwa lina jina la kuwa hai ilhali limekufa. Mifano hii inafanana katika jambo moja: hatari haitoki kwa adui aliye nje ya lango pekee, bali pia kwa usingizi wa waliomo ndani. Ndiyo sababu mfano wa Sardi ulipata uzito wa pekee katika Uganda ya miaka ya 1920.

Wamisionari wa CMS walifika katika baraza la Kabaka Mutesa mwaka 1877. Katika muda wa chini ya robo karne, Ukristo wa Buganda ulipitia mateso ya miaka ya 1885 hadi 1887, vita vya kidini vilivyofuata, na hatimaye Mapatano ya mwaka 1900 yaliyowapa machifu Wakristo ardhi ya mailo pamoja na nafasi katika utawala. Dini iliyokuwa imewagharimu vijana wa ikulu maisha yao ikawa njia ya kupatia cheo. Ubatizo ulienea, shule zikaongezeka, na jina la Kikristo likawa alama ya ustaarabu. Sambamba na hayo, Wakristo wengi waliobatizwa walibaki nje ya Meza ya Bwana kwa sababu ndoa zao hazikutambuliwa na kanisa, na wengine walishiriki Meza hiyo huku mienendo yao ikijulikana na kila mtu kijijini. John V. Taylor, katika utafiti wake wa kanisa la Buganda uliochapishwa mwaka 1958, alionyesha jinsi pengo lilivyokuwa pana kati ya taasisi ya kanisa na maisha ya waumini wa kawaida.

Uamsho haukuwa jaribio la kwanza la kuliamsha kanisa hilo. Mwaka 1893 George Pilkington, mtafsiri wa Biblia ya Kiganda, alirudi kutoka kisiwa cha Kome akiwa na ujumbe wa kufanywa upya, na Mengo ikashuhudia mikutano ya toba. Mwaka 1928 Mabel Ensor alijitenga na CMS kwa kuona kwamba kanisa limepoa, akaanzisha kanisa lake huko Mengo. Juhudi hizi mbili zinaonyesha njia zilizokuwepo kabla ya 1929. Ya kwanza ilikuwa kuamsha kwa mkutano na kuacha taasisi iendelee kama kawaida. Ya pili ilikuwa kuamka na kuondoka. Ndugu wa Uamsho walitafuta njia ya tatu, yaani kubaki ndani ya kanisa na kukesha humo.

3.0 Gahini na Namirembe, 1929–1936

Kituo cha Gahini, mashariki mwa Rwanda, kilifunguliwa mwaka 1925 na misheni iliyokuwa tawi la CMS. Mwishoni mwa miaka ya 1920 eneo hilo lilipigwa na njaa kali, na daktari kijana Joe Church alijikuta akihudumia wagonjwa na wenye njaa kupita uwezo wake. Septemba 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, na katika mlima wa Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akisumbuliwa na swali hilohilo: kwa nini kanisa lina watu wengi na uhai mchache? Wawili hao walisoma maandiko na kuomba pamoja. Jambo lenye uzito kihistoria si kwamba waliomba, bali kwamba Mzungu mmisionari na Mwafrika asiye na daraja la kikasisi walikaa wakiwa wahitaji wawili walio sawa, katika zama ambazo mpangilio wa kikoloni haukutarajia usawa huo.

Gahini penyewe mabadiliko hayakuja kwa upole. Wafanyakazi wa hospitali walioamka, akiwemo Yosiya Kinuka, walianza kuwakabili wenzao juu ya wizi wa vifaa, uvivu na chuki. Mwishoni mwa mwaka 1933 mkutano wa kituoni ulizaa maungamo ya hadharani yaliyoendelea kwa saa nyingi. Septemba 1935 kikosi kutoka Gahini kiliongoza mkutano mkubwa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na mlango wa kuingilia Uganda ukafunguka.

Aliyelipa Uamsho neno lake alikuwa Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mkuu wa shule ya wainjilisti Gahini. Mapema mwaka 1936 alisafiri kwenda Kampala akikusudia kuiwekea sinodi ya Uganda mambo matatu: ubaridi wa kanisa, kuruhusiwa kwa watu wanaoishi dhambini kushiriki Meza ya Bwana, na hatua za kuleta uamsho. Aliugua homa akafariki Januari 1936, kabla ya kuyawasilisha. Wito wake wa Zukuka, yaani amka, ulibaki baada yake, na sinodi ikajadili hoja za mtu aliyekwisha kuzikwa. Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote. Haikuwauliza waumini kama wamelala. Iliwauliza viongozi kama wao, waliowekwa kuwa walinzi, wameliacha lindo.

4.0 Ushirika kama Lindo la Pamoja

Mikutano mikubwa iliamsha, lakini kilichokesha kilikuwa ushirika. Ndugu walikutana angalau mara moja kwa wiki, nyumbani kwa mtu, chini ya mti au kanisani, bila kumhitaji kasisi. Msingi wao ulikuwa mafundisho ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, juu ya kutembea nuruni. Mshiriki alisimama kueleza, si habari za wokovu wa miaka iliyopita pekee, bali yaliyompata wiki hiyohiyo: hasira aliyomwonyesha mkewe, mizani aliyoipunja sokoni, kinyongo alichokificha kwa jirani. Wenzake walipoyapokea maungamo yake waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda uliovuka mipaka ya lugha hadi ukawa alama ya vuguvugu zima. Pale ambapo kosa lilihusu mali, toba haikukamilika mpaka kitu kirudishwe kwa mwenyewe.

Utaratibu huu ulikuwa na sifa tatu zilizoutofautisha na nidhamu ya kawaida ya kanisa. Kwanza, ulikuwa wa wakati uliopo. Ushuhuda wa zamani haukukubaliwa kuwa dhamana ya leo, kama vile mlinzi asivyolipwa kwa kukesha usiku wa jana. Pili, ulikuwa wa pande zote. Mtumishi wa nyumbani aliweza kumhoji mwajiri wake, mke kumhoji mume, na Mwafrika kumweleza mmisionari kwamba kiburi chake cha rangi ni dhambi, na wapo wamisionari walioungama hivyo mbele ya Waafrika. Tatu, ulielekeza macho ndani. Ndugu walijua, kama wasemavyo Waswahili, kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Josiah Kibira, aliyekulia katika mazingira ya Uamsho huko Bukoba na kuwa askofu wa Kilutheri mwaka 1964, aliutazama ushirika huu akihusianisha kanisa na ukoo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Mtazamo huo unasaidia kueleza kwa nini lindo hili lilidumu. Ukoo ulikuwa na desturi ya kumwangalia mtu wake, kumwonya, kumlipia na kumzika. Uhamiaji wa kazi, shule na kilimo cha biashara vilipolegeza vifungo vya ukoo, ushirika uliwapa watu jamaa wapya. Mlokole aliyesafiri kutoka Bukoba hadi Kampala alipokelewa na watu ambao hakuwahi kuwaona, nao walimuuliza hali ya roho yake kabla ya kumuuliza habari za safari.

Gharama yake haikuwa ndogo. Maungamo ya uzinzi yaliwataja au kuwadokeza watu wengine ambao hawakuwa wamechagua kusema. Katika jamii ambazo mambo ya ndani ya nyumba hayakutamkwa mbele ya wakwe na wazee, ushuhuda wa hadharani ulionekana kuwa uvunjaji wa heshima. Derek Peterson, katika utafiti wake wa mwaka 2012, ameonyesha kuwa wazee na wanasiasa wa kikabila waliwaona walokole kuwa tishio kwa adabu na kwa umoja wa jamii waliokuwa wakijaribu kuujenga. Nuru iliyomweka mmoja huru iliweza kumwacha mwingine uchi.

5.0 Mukono, 1941: Nani Mlinzi wa Kanisa?

Swali la Kigozi juu ya walinzi lililipuka katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono. Kundi la wanafunzi, William Nagenda akiwa miongoni mwa viongozi wao, lilikuwa likiamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri, likikemea wizi na uzinzi chuoni pamoja na mafundisho ya kisasa ya Biblia ambayo kwao yalidhoofisha msalaba. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, aliona katika hayo uvunjaji wa utaratibu na hukumu ya vijana dhidi ya waalimu wao, akapiga marufuku mikutano hiyo ya alfajiri. Wanafunzi waliendelea. Oktoba 1941, 26 kati yao walifukuzwa.

Tukio hili mara nyingi husimuliwa kama mgongano wa bidii na ukavu, lakini kila upande ulikuwa na dai halali. Uongozi ulidai kwamba kanisa lina walinzi waliowekwa kwa utaratibu, na kwamba mtu hawezi kujiteua kuwa mlinzi wa walinzi. Wanafunzi walidai kwamba mlinzi aliyelala hupoteza haki ya kuwanyamazisha walioamka. Hakuna kanuni ya chuo iliyoweza kuamua kati ya madai hayo mawili.

Uamuzi ulitokana na mwenendo uliofuata. Nagenda hakupewa daraja la kikasisi, lakini hakuanzisha kanisa jipya. Aliendelea kuhubiri akiwa mlei, nchini na ng'ambo. Askofu Cyril Stuart, aliyekuwa amewahi kumkaribisha Church Mukono mwaka 1936, naye alijizuia kuwasukuma walokole nje kabisa. Mwaka 1966 Erica Sabiti, mlokole, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu mkuu wa jimbo la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga. Kwa njia hiyo Uamsho ulilishinda kanisa kwa kukataa kuliacha. Ushindi huo, hata hivyo, ulileta swali jipya: ni nani atakayewakesha wakeshaji wakiisha kukalia viti vya uongozi?

6.0 Kenya: Kiapo na Kukesha Chini ya Tishio la Kifo

Kikosi kutoka Rwanda na Uganda kilifika Kabete mwaka 1937, na katika miaka ya 1940 Uamsho ukajikita katika makanisa ya Wakikuyu. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, ndugu walijikuta kati ya moto miwili. Kiapo cha Mau Mau kilihusisha damu ya mbuzi, nao walioungama kila wiki kwamba wameoshwa kwa damu ya Kristo waliona kuwa hawawezi kuongeza damu nyingine. Wengi walikataa, na baadhi yao waliuawa. Aidha, wengi walikataa kubeba silaha za vikosi vya ulinzi vya upande wa serikali, wakisema kwamba hawawezi kumwinda mtu waliyekuwa wakimwombea.

Hapa mazoea ya ushirika yalionyesha thamani yake. Mtu anayeitwa gizani kula kiapo hana muda wa kutunga msimamo. Hutenda kwa alichozoea. Waliokuwa wakiulizana kila wiki juu ya mambo madogo walikuwa na jibu lilipokuja jambo kubwa. Lakini wakosoaji wao walikuwa na hoja isiyoweza kupuuzwa. Ardhi ilikuwa imetwaliwa kweli, na mateso ya kambini yalikuwa ya kweli. Ndugu aliyekuwa macho kuhusu damu ya kiapo angeweza kuwa amesinzia kuhusu dhuluma iliyokizaa kiapo hicho. Lugha ya ushirika ilikuwa na maneno mengi ya kuungamia kinyongo cha mtu aliyenyang'anywa, na maneno machache ya kumkabili mnyang'anyi.

7.0 Bazukufu: Walioamka Wanapotuhumiwa Kulala

Baada ya uhuru wa Uganda mwaka 1962, walokole walivuna matunda ya nidhamu yao. Mtu asiyekunywa pombe, asiyeoa wake wengi na anayetunza hesabu hupata akiba. Watoto wao walisoma, nyumba zao ziliezekwa mabati, na baadhi walianza kukopa ili kukuza biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kundi lililoongozwa na Yona Mondo lilitangaza kwamba ndugu wamerudi usingizini na wanahitaji kuamka upya. Wafuasi wake waliitwa Bazukufu, yaani waliozinduka, kutokana na neno lilelile la Kigozi. Walikataa madeni na kukemea mavazi ya fahari na anasa nyinginezo. Wenzao waliwajibu kwamba wameigeuza neema kuwa orodha ya sheria. Ushirika uliokuwa mmoja ukapasuka, na mpasuko huo ukaingia katika familia.

Ni rahisi kuwaona Bazukufu kuwa washupavu tu, lakini swali lao lilikuwa la haki. Mkopo humfunga mtu kwa mtu mwingine, nao katika uchumi mchanga uliweza kumnyang'anya shamba lake na kumgeuza mwongo mbele ya wadai. Kosa lao lilikuwa la namna nyingine. Walichukua kazi ya kukesha, ambayo kwa asili yake hudai kila usiku uangaliwe upya, wakaweka badala yake ukuta wa makatazo. Ukuta haulali, na kwa hiyo hushawishi mlinzi alale. Upande wa pili nao ulikuwa na kosa lake, kwani uliitumia neema kukwepa swali la mali. Ushirika uliokuwa umezoea kumuuliza kila mtu juu ya hasira na tamaa haukupata namna ya pamoja ya kuulizana juu ya fedha.

8.0 Rwanda na Uganda: Lindo Mbele ya Dola

Mtihani mzito kuliko yote ulitokea katika chimbuko lenyewe. Machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959 yaliwalazimisha Watutsi wengi kukimbilia uhamishoni, wakiwemo walokole walioubeba Uamsho hadi kambi za wakimbizi. Januari 1964 mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyewahudumia waliohamishwa katika eneo la Nyamata, alikamatwa na kuuawa. Kifo chake kinathibitisha kwamba ushirika uliweza kuzaa watu wasiomtenga mtu kwa kabila lake. Hata hivyo, katika miongo mitatu iliyofuata uongozi wa makanisa makubwa ya Rwanda, yakiwemo yale yaliyoguswa na Uamsho, ulijikaribisha mno kwa serikali, na vitambulisho vya kabila vikaendelea kutumika bila kanisa kuvipinga kwa sauti moja. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipotekelezwa kati ya Aprili na Julai 1994, majengo ya makanisa mengi yalikuwa mahali pa kuchinjia watu. Wapo Wakristo waliouawa kwa kukataa kutengana na ndugu zao. Wapo pia walioua wakiwa na majina ya ubatizo.

Uganda inatoa mfano wa kulinganisha. Askofu mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, pamoja na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya Februari 10, 1977 kupinga mauaji na ukamataji holela. Siku sita baadaye Luwum aliuawa, na Askofu Festo Kivengere, mlokole mwenzake, akakimbilia uhamishoni. Luwum hakuwa ameacha mafundisho ya ushirika, aliyapanua. Kanuni ileile ya kumwambia ndugu dhambi yake usoni aliitumia kwa mtawala. Tofauti kati ya mifano hii miwili haimo katika kiwango cha bidii ya kiroho, bali katika mipaka ya kile ambacho jumuiya ilikubali kukiita dhambi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Uamsho wa Afrika Mashariki ulifaulu kuhamisha kazi ya kukesha kutoka mikononi mwa wachache wenye daraja na kuiweka mikononi mwa jumuiya nzima. Ushirika wa kila wiki, ushuhuda wa wakati uliopo na haki ya kila mmoja kumhoji mwenzake vilijenga lindo lililohimili njaa, kufukuzwa chuoni, vita na uhamisho. Yameonyesha pia namna lindo hilo lilivyoweza kushindwa: kwa kugeuka hukumu, kama ilivyohofiwa Mukono, kwa kugeuka orodha ya makatazo, kama ilivyotokea kwa Bazukufu, na kwa kutazama upande mmoja tu, kama ilivyodhihirika Rwanda.

Kwa watafiti, jambo hili linadai kuhama kidogo kutoka historia ya mikutano mikubwa, ambayo imeandikwa sana, kwenda historia ya wiki za kawaida ambazo hakuna lililotokea ila watu wachache kukutana na kuulizana hali. Kwa makanisa yaliyorithi Uamsho, ushahidi unaelekeza kwenye swali ambalo Kigozi hakujaliwa kulifikisha sinodini kwa kinywa chake, nalo halijaisha muda wake. Kanisa linaweza kuhesabu walioamka, kwa kuwa kila mmoja wao ana siku yake. Wanaokesha hawahesabiki kwa njia hiyo. Hujulikana usiku unapowakuta, na kwa kile ambacho wao kwa pamoja hawakukubali kukifumbia macho.